Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nguvu za Chini ya Ardhi na Sura ya Nchi ya Uganda

Maswali haya hurudi kila msimu. Yanaletwa na wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa mtihani wa jiografia, waongoza watalii wa Kasese na Kisoro, na wakazi wa Bundibugyo kila ardhi inapotikisika. Mengi yanahusu milima. Kwa maoni yetu ushahidi mzito zaidi uko kwenye mito, ndiyo maana swali la 11 limepewa nafasi kubwa. Mwenye haraka aanzie hapo.

## Mambo ya msingi

1. Nguvu za tektoniki ni kitu gani?

Ganda la nje la dunia limegawanyika katika mabamba ya mwamba, makubwa kwa madogo, yanayosogea polepole juu ya tabaka la chini lenye joto kali. Mabamba yakiachana, ganda huvutika, hupungua unene na mwishowe hukatika. Yakigongana, hukunjamana. Yakipishana, husuguana. Nguvu zinazoyasogeza hivyo ndizo zinazoitwa tektoniki.

Uganda ya leo ni nchi ya ganda linalovutwa. Hatuna milima michanga ya kukunjamana kama Himalaya. Tulicho nacho ni ardhi iliyozama, kingo zilizoinuka pembeni yake, volkano zilizotokea penye nyufa, na uwanda wa kati ulioinama kidogo tu. Huko kuinama kidogo ndiko watu wengi wasikokuona, na ndiko kulikobadilisha mambo mengi kuliko yote.

2. Bonde la Ufa linapita wapi nchini Uganda?

Linalotuhusu ni Tawi la Magharibi. Linaanzia karibu na mpaka wa Sudan Kusini, linashuka kupitia Pakwach, Ziwa Albert, bonde la Semliki na maziwa Edward na George, kisha linaendelea kuelekea Kivu na Tanganyika. Tawi la Mashariki linapita Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Sehemu kubwa ya Uganda imekaa katikati ya matawi hayo mawili.

Ukitaka kuliona bila kulipa kiingilio cha hifadhi, simama Kichwamba, wilaya ya Rubirizi, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Kasese. Nchi inakatika ghafla mbele yako na uwanda wa chini unaenea hadi Ziwa Edward. Barabara ya kutoka Hoima kushuka Kaiso nayo inakuteremsha kwenye ukuta huohuo, upande wa Ziwa Albert.

3. Ni kweli Afrika inapasuka vipande viwili?

Ni kweli, ila si kwa namna inayosambazwa kwenye WhatsApp. Bamba la Nubia liko magharibi na bamba la Somalia liko mashariki. Katikati yake, kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, kuna bamba dogo linaloitwa bamba la Victoria, na sehemu kubwa ya Uganda imekaa juu yake. Ng'ambo ya Ziwa Albert, upande wa Kongo, ni bamba la Nubia.

Mwendo wake ni milimita chache tu kwa mwaka. Ukucha wako unakua zaidi ya mara kumi ya hapo. Lakini milimita 3 kwa mwaka, kwa miaka milioni moja, ni kilomita 3. Kwa hiyo hakuna mtu atakayeamka Hoima na kukuta bahari, na hakuna pia anayeweza kusema bonde hili limetulia.

4. Kwenye mtihani niandike kwamba bonde lilitokana na mvutano au mgandamizo?

Swali likisema ujadili nadharia, andika zote mbili. J. W. Gregory, aliyelichunguza bonde upande wa Kenya, alishikilia mvutano: ardhi ilivutwa huku na huku, pande la katikati likazama. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda tangu 1919, alitazama kuta za Ziwa Albert na Rwenzori akaona mgandamizo: mapande ya pembeni yalisukumwa juu, la katikati likabanwa chini. Hakuwa akibahatisha. Mtu akisimama chini ya Rwenzori, wazo la kwamba mlima ule ulisukumwa kwa nguvu linamjia lenyewe.

Ushahidi wa leo, hata hivyo, uko upande wa mvutano. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha pande mbili za bonde zikiachana, na mitetemo ya matetemeko mengi ya eneo hili inaonyesha miamba inayoteleza kushuka chini, kama inavyotarajiwa ardhi inapovutwa. Taja nadharia zote mbili, kisha useme ushahidi umeegemea wapi. Usiishie kwenye "wataalamu wanatofautiana".

## Milima

5. Je, Rwenzori ni volkano?

Hapana. Kosa hili ni la kawaida kwa sababu Kilimanjaro na Mlima Kenya, vilele viwili pekee vya Afrika vinavyoizidi Rwenzori kwa urefu, vyote ni vya volkano. Kilele cha Margherita kwenye Mlima Stanley kina mita 5,109, lakini mwamba wake haukutoka kwenye shimo la volkano. Ni mwamba mkongwe wa ganda la Afrika, wenye umri unaozidi miaka bilioni moja, uliopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini na kisha kuinuliwa.

Shaba ya Kilembe inatoka kwenye miamba hiyo ya zamani, na ndiyo iliyoifanya reli ifike Kasese mwaka 1956. Miamba ni mikongwe, ila mlima wenyewe ni mchanga: kuinuka kwake ni jambo la miaka milioni chache iliyopita.

6. Mbona Rwenzori imepanda, wakati pembeni yake ardhi imezama?

Rwenzori ni pande la mwamba lenye urefu wa takriban kilomita 120, lililokatwa na nyufa kubwa magharibi na mashariki. Upande wa magharibi, bonde la Semliki limezama hadi karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Umbali wa kutoka hapo hadi barafu ya kileleni ni mfupi mno kwa tofauti ya zaidi ya mita 4,000.

Ganda la dunia linapokatika na uzito kuondolewa juu ya sehemu moja, sehemu hiyo huweza kuinuka, hasa kingo za bonde. Kawaida kingo hizo huinuka kiasi tu. Rwenzori imezidi kwa sababu nyufa zimeizunguka karibu kote na kuitenga na nchi ya jirani, ikabaki imeshikana na uwanda wa Uganda kwa upande wa kaskazini. Jinsi hasa nguvu hizo zilivyogawana kazi ni jambo ambalo wanajiolojia wanaendelea kubishania.

7. Kama Rwenzori si volkano, mbona miguuni pake kuna maziwa ya kasoko?

Kwa sababu nyufa zilezile zilizolikata pande la mlima zilifungua njia kwa rojo la moto kupanda. Halikupanda kwa wingi wa kujenga mlima. Lilikutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke kwa ghafla, na ardhi ikalipuka. Kilichobaki ni mashimo ya duara yenye kingo fupi za majivu na mawe, ambayo mengi yamejaa maji.

Yako makumi kusini mwa Fort Portal, Bunyaruguru na Katwe. Moja wengi wamelibeba mfukoni bila kujua: Ziwa Nyinambuga limechorwa kwenye noti ya shilingi 20,000. Ziwa la Katwe halina mto unaotoka, kwa hiyo jua linakausha maji na chumvi inabaki, na watu wameichimba kwa vizazi vingi.

8. Na Mlima Elgon?

Huo ni volkano, na ni mkongwe kuliko Kilimanjaro. Umezimika. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321, na juu yake kuna kaldera pana iliyotokea baada ya kilele cha zamani kuporomoka ndani. Wabagisu wanauita Masaba. Upana wa kitako chake unaonyesha kwamba zamani ulikuwa mrefu zaidi ya sasa. Mvua na mito vimeula kwa mamilioni ya miaka, na maporomoko ya Sipi ni sehemu ya kazi hiyo.

Elgon ni wa upande wa mashariki, pamoja na Napak, Kadam na Moroto huko Karamoja, ambayo pia ni masalia ya volkano za zamani. Usiichanganye na milima ya Kisoro.

9. Muhavura, Gahinga na Sabinyo zinaweza kulipuka?

Hizo tatu ni sehemu ya safu ya Virunga, na kwa sasa zimelala. Muhavura ina mita 4,127, na Sabinyo ndipo mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo inapokutana. Volkano hai za safu hii ziko upande wa Kongo: Nyiragongo na Nyamuragira. Nyiragongo ililipuka Januari 2002, lava ikaingia mjini Goma, na ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Mara zote mbili watu wa Goma walikimbia makwao kwa maelfu. Kisoro huhisi mitetemo na kupokea wakimbizi, lakini lava ya Nyiragongo haina njia ya kuifikia.

## Maziwa na mito

10. Kwa nini Ziwa Victoria ni kubwa hivi lakini kina chake ni kidogo?

Kwa sababu haliko ndani ya Bonde la Ufa. Tanganyika imekaa ndani ya ufa wenyewe na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Victoria, au Nalubaale, imekaa kwenye bonde pana lililobonyea kati ya matawi mawili ya ufa. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800, ila kina chake kikubwa ni mita 80 hivi.

Hapo mwanafunzi makini huuliza: Albert liko ndani ya ufa, mbona kina chake hakifiki hata mita 60? Jibu liko chini ya maji. Shimo la Albert ni refu sana, lakini mito imelijaza mashapo, yaani mchanga na udongo ulioletwa na maji, yenye unene wa kilomita kadhaa. Maji unayoyaona ni utando mwembamba tu juu ya lundo hilo (tazama pia swali la 16).

11. Nimesikia kwamba mito ya Uganda iligeuka ikatiririka kinyumenyume. Ni kweli?

Ni kweli. Zamani, kabla kingo za bonde la magharibi hazijainuka, mito ya eneo hili ilitoka mashariki, upande wa Kenya ya leo, ikaelekea magharibi. Kagera, Katonga na Kafu zote zilikuwa kwenye mkondo huo. Kisha ukingo wa bonde ukaanza kupanda. Haukupanda kwa kishindo, ulipanda kidogo kidogo, na mito ya nchi tambarare haihitaji kishindo: mteremko wa kwenda magharibi ukapungua, ukaisha, halafu ukageukia mashariki. Maji yakarudi yalikotoka. Yalipokusanyika yakawa Ziwa Victoria, jambo linalokadiriwa kutokea miaka 400,000 hivi iliyopita. Kaskazini zaidi yakafurika mabonde ya zamani, yakawa Ziwa Kyoga.

Ushahidi hauhitaji maabara. Tazama Kyoga kwenye ramani: si duara wala mviringo, ni mti wenye matawi, kwa sababu ni bonde la mto pamoja na vijito vyake vilivyozama. Tazama Katonga pale Lukaya, kwenye barabara ya Masaka, ambako mafuriko ya Mei 2023 yaliharibu daraja na kuikata barabara kuu. Bonde ni pana kupindukia, limejaa mafunjo, na mto unaopita ni mdogo mno kuwa ndio uliolichonga.

Halafu kuna vinamasi vya katikati. Upande wa magharibi wa bonde la Katonga, kinamasi kimoja hutoa maji pande mbili: mengine yanakwenda Victoria, mengine Ziwa George. Kafu ni vilevile. Maji ya kinamasi kimoja yanaelekea mashariki hadi Nile kwa jina la Kafu, na mengine yanaelekea magharibi hadi Ziwa Albert kwa jina la Nkusi. Unalivuka daraja la Kafu kila unapokwenda Gulu. Abiria wengi huwa wanatafuta mihogo ya kuchoma wakati huo, na hawana lawama.

Sisi tunaamini shule zingeanza somo la Bonde la Ufa hapa, na kuiacha Rwenzori ije baadaye. Mlima unaonyesha nguvu ilivyo kubwa, ila mto unaonyesha ilivyo ndogo na bado ikatosha.

12. Maporomoko ya Murchison yanahusiana vipi na haya?

Nile inatoka Victoria pale Jinja ikiwa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na inaingia Albert ikiwa karibu mita 620. Lazima ishuke zaidi ya mita 500, na sehemu kubwa ya mshuko huo iko kati ya Karuma na ukingo wa Bonde la Ufa. Pale Murchison, au Kabalega, mto wote unabanwa kwenye mwanya wa takriban mita 7 na kuanguka mita 43 hivi.

Mshuko huohuo ndio umeme wetu: mabwawa ya Nalubaale lililozinduliwa 1954, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma. Kama nchi isingeinama na bonde lisingezama, mto huu ungekuwa wa kuvulia samaki tu.

13. Ziwa Bunyonyi nalo ni la ufa?

Hapana. Bunyonyi na Mutanda ni mabonde ya mito yaliyozibwa na lava kutoka volkano za eneo hilo. Ndiyo maana Bunyonyi lina mikono mirefu na visiwa vingi: visiwa ni vilele vya vilima vilivyozungukwa na maji.

## Hatari na mali

14. Matetemeko ya ardhi yako wapi zaidi, na nifanyeje?

Magharibi: Bundibugyo, Kabarole, Kasese, Bunyangabu na jirani zake. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 huko Toro lilizidi ukubwa wa 6.5 na kuua zaidi ya watu 100. La tarehe 5 Februari 1994 lilipiga eneo la Kisomoro, karibu na Fort Portal. Masaka na Rakai hazijasalimika kabisa: tetemeko la Bukoba, Tanzania, la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilifika Rakai na madhara yake.

Kinachoua mara nyingi ni ukuta. Nyumba ya tofali mbichi isiyo na mkanda wa zege unaozunguka kuta zote huanguka mapema. Anayejenga Bundibugyo akikosa fedha, apunguze chumba kimoja, asipunguze mkanda huo. Ardhi ikitikisika ukiwa ndani, jikinge chini ya meza imara mbali na madirisha. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na nyaya za umeme. Usirudi ndani haraka, maana mitetemo midogo hufuata.

15. Maporomoko ya Bududa yalisababishwa na tetemeko?

Hapana. Tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi huko Bududa kilifunikwa baada ya mvua kubwa kulowesha udongo mzito kwenye mteremko mkali, na mamia ya watu walikufa au kupotea. Volkano ya zamani, yaani Elgon, inahusika kwa mbali: ndiyo iliyojenga mteremko na kuleta miamba iliyooza ikawa udongo huo mnene wenye rutuba, ambao pia ndio uliowavuta wakulima kuishi pale.

16. Kwa nini mafuta yako Ziwa Albert na si Masaka?

Mafuta yanahitaji mambo matatu: mabaki ya viumbe yaliyozikwa, kina cha kutosha ili joto liyapike, na mtego wa kuyazuia yasipotee. Bonde la Albert linavyo vyote. Ziwa la zamani lilitoa mabaki, mashapo yaliyotajwa katika swali la 10 yakayazika, na nyufa zikainamisha matabaka ya mwamba hadi yakawa mitego. Masaka ina mwamba mkongwe karibu na uso wa ardhi, bila unene huo wa mashapo.

Wayland, yule wa swali la 4, aliandika habari za mafuta yanayovuja kwenye fukwe za Albert tangu miaka ya 1920. Ugunduzi wa kibiashara ulikuja 2006. Maeneo makuu ni Tilenga na Kingfisher, na bomba la kilomita 1,443 linaelekea Chongoleani, Tanga. Mafuta haya yana nta nyingi na huganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima.

17. Chemchemi za maji moto ni dalili ya volkano inayokuja?

Si lazima. Sempaya kule Semuliki, Kitagata kule Sheema na Kibiro ufukweni mwa Albert ni maji ya mvua yaliyopenya kwenye nyufa, yakapata joto chini, yakapanda tena. Sempaya inachemsha yai. Kibiro kuna wanawake wanaotengeneza chumvi kutokana na udongo unaoloweshwa na chemchemi hiyo, kazi ya karne nyingi.

## Maswali ya pembeni

18. Vilima vya Kampala vilitokana na Bonde la Ufa?

Si moja kwa moja. Kololo, Nakasero, Rubaga na vingine ni masalia ya uwanda wa zamani. Juu yake kuna tabaka gumu la mawe mekundu yenye chuma. Mvua imekula mabonde kati ya vilima na kuacha vichwa vikiwa bapa. Kuinuka kwa nchi nzima kuliipa mito nguvu ya kuchimba, lakini hakuna ufa uliosukuma Kololo juu.

19. Mwamba wa Tororo na mwamba wa Soroti ni ndugu?

Vinafanana kwa mbali, asili tofauti. Mwamba wa Tororo ni koo la volkano ya zamani lililobaki baada ya mlima kuliwa, na miamba yake ina chokaa nyingi. Ndiyo maana kuna viwanda vya saruji Tororo, na fosfeti kwenye vilima vya Sukulu vilivyo jirani. Soroti ni itale, mwamba ulioganda chini sana na kufichuliwa na mmomonyoko. Hauna uhusiano na volkano yoyote.

20. Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, ardhi ilikuwa inazama?

Hapana, ilikuwa mvua. Usawa wa maji Jinja mwezi Mei 2020 ulipita kidogo rekodi ya 1964, na zote mbili zilifuata misimu ya mvua kubwa isiyo ya kawaida. Ardhi huinama kwa maelfu ya miaka. Ziwa hupanda na kushuka kwa miezi. Mvua zikikosekana kwa muda mrefu hata ziwa zima linaweza kwisha: takriban miaka 17,000 iliyopita Victoria lilikauka, na nyufa hazikuhusika.

21. Kwa nini Tawi la Magharibi linaishia kaskazini mwa Uganda?

Kwa sababu linakutana na ukanda wa Aswa, mpasuko mkongwe kuliko Bonde la Ufa kwa mamia ya mamilioni ya miaka, unaokata nchi kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Ufa mpya ulipofika hapo haukuendelea mbele. Mto Aswa umefuata mpasuko huo karibu kwa mstari, na Nile nayo, baada ya kuja kutoka Pakwach kwa utulivu, inapinda ghafla pale Nimule na kuushika mwelekeo uleule wa zamani.